Mlango wa Zamani wa Kompyuta ya Jafari

Mikindani,
Jumapili.

Kwa dada yangu Latifa,

Asalaam aleikum. Natumai wewe, shemeji na huyo mchanga wenu mnaamka salama huko Dodoma kwenye vumbi lenu. Sisi tupo. Mama anakula, si sana, ila anakula. Mimi ni mzima, na uzuri wangu haujapungua. Muulize Mwalimu Veronika aliyekuletea barua hii, ingawa atakataa kwa wivu. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kila neno, tabia yako tangu utoto.

Arobaini ya kaka Jafari ilisomwa vizuri, wali ulitosha. Watu wananisema nina moyo mgumu, eti tangu aanguke na pikipiki njia ya Kilambo sijaonekana na chozi. Mimi nilikuwa nabeba masufuria. Hata jeneza nililibeba hivyo hivyo, nikiwaza tu kwamba bega linaniuma.

Baada ya khitma, Mjomba wa Kitaya akakaa kugawa vitu vya marehemu. Nguo zote Mama alikwishazifua, si unajua, ili kisitoke kitu na jasho la mwenyewe. Ikafika zamu ya kompyuta ya duka lake la steshenari, nililokuwa nikimsaidia. Mjomba akasema iende kwa mwanawe Rajabu, maana Rajabu anasoma. Mimi niliyeishia kidato cha pili nitaifanyia nini, niikunie nazi? Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, dada, utani ulikuwa mzuri. Wakapatana kuja kuichukua Ijumaa. Mama akaniambia na hiyo nayo niifue: lile jina la Jafari linalotokea ikiwashwa liondoke kabla haijavuka kizingiti.

Hapo sasa ungeniona fundi! Nikaingia kwenye mipangilio, ile mipya ya urembo mwingi, nikazunguka humo kama kuku anayetafuta pa kutagia. Pa kubadili picha papo, pa kuweka nywila papo, pa kubadili jina hapana. Kila nikigusa inaniomba baruapepe. Nikakumbuka Jafari alivyokuwa akiniinamia begani kila printa ikigoma. Alikuwa akisema hayo mapya ni sebule ya wageni, vyombo viko jikoni, na jikoni kuna mlango wake wa zamani. Unabana kitufe chenye kidirisha pamoja na herufi R, kinachomoza kisanduku kidogo pembeni, unaandika control, unagonga Enter. Nikafanya. Kontrol paneli ikafunguka, ile ile ya kizee na alama zake ndogondogo. Nikaingia kwenye akaunti za watumiaji, nikakuta pa kubadili jina. Nikafuta Jafari.

Pakabaki patupu, kale kamstari kanawaka na kuzima. Na mashine haikubali jina tupu, nilijaribu. Nikaandika Issa. Wallahi sikupanga. Ndilo lililokuwa karibu.

Sasa sikiliza, dada, na usinitukane kabla hujamaliza. Kwenye simu nilikwambia Mjomba aliniachia kompyuta kwa huruma, ukamtumia na kitenge cha shukrani. Si kweli. Ijumaa ile, wiki mbili sasa, alikuja na Rajabu, Rajabu akaiwasha kuijaribu. Ikatokea picha ya Jafari, ile anayocheka kofia imelala upande, na chini yake jina langu. Mjomba akauliza ndiyo nini hiyo. Mdomo ukanitangulia, nikasema ndivyo ilivyo siku zote: kaka aliniandikisha mimi tangu alipoinunua, sura yake aliiweka kwa maringo tu. Mjomba akasema majina hubadilishwa. Nikamwambia basi huyo msomi wetu alibadilishe tuone. Rajabu akaingia sebuleni kule kwenye urembo, akazunguka hadi jasho likamtoka, mwisho akamwambia baba yake kwamba humu jina halibadiliki. Mjomba akavua kofia. Akasema cha aliye hai hakigawiwi, akaniombea kheri, wakaondoka mikono mitupu.

Nimemsingizia maiti, dada, nikachukua kitu ambacho hata wewe una fungu lako humo. Mama alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Anajua, si ndiye aliyenituma? Asubuhi ananimiminia chai, nakunywa. Najitafuta kama nina aibu, ni kama kujifinya mguu uliokufa ganzi.

Sasa nikiwasha, yeye anacheka, chini nimeandikwa mimi. Wateja wananitania kwamba hiyo sura si yangu, mimi mbaya zaidi. Kubadili picha ni kazi ya mtoto, hata Rajabu anaiweza. Sijaibadili.

Ukisema nirudishe, nitaandika Jafari pale pale nilipofuta, niibebe kichwani hadi Kitaya na kumwambia Mjomba ukweli mbele ya watu. Ukisema nikae nayo, nitaweka picha yangu. Usiponijibu, basi kila asubuhi tutakuwa tunafungua duka wawili.

Msalimie shemeji, mwambie sijamsahau hata kama yeye ameisahau njia ya Mtwara. Mchanga mbusu kisogoni. Mama anawaombea dua, nami naitikia amina.

Ni mimi mdogo wako,
Issa.