Ile Picha ya Barakoa

Mke wangu Mama Kemilembe,

Salamu kutoka huku Ujerumani, kwenye baridi na mashuka ya hoteli ninayofua kila siku. Natumaini mguu wa mama umepungua uvimbe, na kahawa yetu ya Kamachumu imewahi kukauka kabla ya mvua. Mimi nipo. Nalala, naamka, nakula.

Nimesoma ujumbe wako. Picha niliyomtumia binti yetu ili acheke, nikiwa na barakoa puani, imemfikia kaka Kaijage. Akasema hiyo ni oksijeni na mtu wa oksijeni harudi, akaingia kibanjani akakata migomba pembeni ya kaburi la baba, nafasi yangu iwe tayari. Nilijaribu kukasirika, hasira haikuja. Angalau angeanza na migomba ya pombe, akatuachia ya chakula.

Mwambie ile ni mashine ya kukoroma. Nilikuwa nasinzia kazini nimesimama, hospitalini wakanipima nikiwa nimelala, wakakuta pumzi inakatika usingizini mara nyingi. Ndiyo mkoromo ule ambao mama alikuwa akijivunia: "Waitu, huo ndio usingizi wa mwenye kibanja." Mashine inasukuma hewa ya kawaida tu, koo lisizibe.

Sasa nakuambia nililoshindwa kusema kwenye simu. Walipotafuta kwa nini shinikizo langu la damu liko juu, waliona uvimbe kwenye figo ya kushoto. Ni saratani. Watanipasua baada ya Pasaka.

Daktari wangu, mama mmoja mpole, alisema mwili unaokosa hewa usingizini huenda ukaipa saratani nafasi ya kukua. Nikamuuliza, "Kwa hiyo nikivaa hii nitapona?"

Akasema, "Hatujui. Wapo wanaodhani inasaidia, lakini haijathibitishwa. Vaa kwa ajili ya moyo wako na uchovu wako. Upasuaji uko palepale."

Nikasema sawa, nikarudi kukunja mashuka. Kwa hiyo naivaa.

Kaijage anataka nirudi nifie nyumbani. Sirudi sasa. Huko umeme unakatika ovyo, na matibabu yangu yako hapa. Yeye ni mkubwa wangu, sijawahi kumpinga, hivyo itabidi umwambie wewe, mbele ya mchungaji ikibidi. Usikubali akuvalishe ujane mapema.

Nisalimie mama, shangazi wa Kagoma, na shemeji yako anayefundisha Rubya. Kemilembe mwambie habari za mkoromo tu, hayo mengine nitamwambia mwenyewe.

Wenzangu kazini wananiuliza kama naogopa. Siogopi, wala silii, wala sifurahii chochote, na hilo ndilo linanisumbua kuliko figo. Niogopee wewe kwanza, mke wangu, mpaka na mimi nitakapoweza.

Ni mimi mumeo,
Ishengoma