Mzee wa Embu Anakuja Kuposa, na Mume Wangu Hataki Kumwona

Kwako Bi Wambeti mpendwa,

Nisaidie mama, maana nimefika mwisho wa akili yangu na hapa kwetu sina wa kumwambia, kila mtu ninayemjua ni shabiki wa mume wangu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Githongo, tuna kahawa kidogo na ng'ombe wawili, na kila asubuhi napeleka maziwa kwa hoteli ya Salesio pale sokoni. Mume wangu Kiogora ni mtu mzuri, hilo nataka ulijue kabla sijaanza kumsema, hanywi pombe, hajawahi kuniinulia mkono, na watoto wote wamesoma kwa jasho lake. Lakini mume wangu aliwahi kuwa mchezaji wa mpira, na shida yangu yote inatoka hapo.

Miaka ya tisini ikianza alikuwa akichezea timu ya kiwanda chetu cha kahawa, na mimi si mtu wa mpira Bi Wambeti, lakini hata mimi niliona kwamba ule mguu wake wa kushoto haukuwa wa kawaida, mpira ukimfikia watu walikuwa wananyamaza kwanza, uwanja mzima, ndipo wanapiga kelele. Watu walitembea kwa miguu kutoka Ruiri kuja kumtazama. Mpaka leo, na sasa ana mvi, kila Jumamosi wanaume wanakaa kwa Salesio na chai zao na kubishana ni kwa nini Kiogora hakufika mahali. Salesio husema, "Ule mguu Mungu aliutengeneza siku ambayo hakuwa na kazi nyingine." Ishmael wa bodaboda, ambaye hata hakuwa amezaliwa, anasema wangemvunja huko Nairobi, afadhali alibaki. Na mwalimu mstaafu Muthamia anagonga meza na kusema, "Wachaneni na mguu! Mguu ulikuwa sawa. Ni watu wa Embu walimmaliza huyu." Kisha wote wanamgeukia Kiogora, "Hebu waambie hawa watoto, Baba Mukiri," na yeye anawaambia, na kila mwaka hadithi inaongezeka kidogo.

Hadithi yenyewe ni kwamba kocha mmoja wa Embu, anaitwa Nthiga, alikuja akamwona akicheza mara moja tu, akamwambia aende Embu akajaribiwe, na akifaulu yeye mwenyewe angempeleka Nairobi kwa timu kubwa. Sasa Kiogora hakuwa na viatu, alikuwa akicheza na vya kuazima, basi watu wa Githongo wakafanya jambo ambalo sijaliona tena tangu siku hiyo, kila nyumba ilitoa debe moja la kahawa mbivu, hata wajane, hata watoto wa shule waliokota zilizoanguka chini ya miti, wakazipeleka kiwandani kwa jina lake, na meneja akakubali kulipa mapema, na kahawa hiyo ndiyo ilinunua viatu na nauli. Mpaka hapo hadithi ni kweli. Halafu mume wangu husema alifika Embu akakuta Nthiga ameshampa mpwa wake nafasi, akafukuzwa uwanjani kama mbwa.

Bi Wambeti, mume wangu hakufika Embu.

Mimi najua kwa sababu siku hiyo nilikuwa Meru mjini, nikijifunza ushonaji kwa mama mmoja karibu na steji ya magari, tulikuwa bado hatujaoana, na nilipotoka kwenda kununua uzi mchana nikamkuta ameketi nyuma ya vibanda vya soko, viatu vipya kwenye mfuko wa karatasi juu ya magoti. Nilifikiri gari limeharibika. Akaniambia, "Makandi, nimeona magari yakienda, moja baada ya lingine, miguu imekataa kupanda. Nikishindwa huko nitawaambia nini watu waliochuma?" Alikuwa analia. Tulirudi Githongo jioni pamoja, na njiani alikuwa ameamua kusema ukweli, nakuapia alikuwa ameamua, lakini tulipofika watu walikuwa wamejaa pale kiwandani wakingoja, na kabla hajafungua mdomo Salesio akapaza sauti, "Usiseme! Wamempa mtoto wao, sivyo?" Na watu wakaguna kwa hasira, na mume wangu akatikisa kichwa kukubali. Ni hivyo tu, hakusema neno, aliitikia kwa kichwa. Wanawake wakamkumbatia na kumlilia, na mimi nilikuwa nimesimama hapo nikiwa nimeshika ule mfuko wa viatu.

Tangu hapo hajapiga mpira tena. Mpira wa watoto ukimfikia shambani anauokota kwa mkono na kuwarudishia. Kombe la Dunia likionyeshwa anatazama kidogo, halafu anasema anaenda kuangalia ng'ombe, na mimi namwacha aende.

Ningeweza kufa na jambo hili kimya kama isingekuwa binti yetu Mukiri. Anafanya kazi ofisini Embu, na huko amepata kijana mwenye heshima, anaitwa Muturi, tumemwona, hata Kiogora alimpenda na wakapalilia kahawa pamoja asubuhi nzima. Mwezi ujao wazee wao wanakuja kubisha hodi kwetu. Basi Muturi akanipigia simu na furaha nyingi akaniambia, "Mama, nilipomtajia mzee jina la baba Mukiri aliinuka kwenye kiti! Aliuliza, ni Kiogora yule wa mguu wa kushoto? Kumbe yuko hai?" Kumbe baba ya Muturi ndiye Nthiga. Na mzee alimwambia mtoto wake kwamba siku hiyo alimngoja Kiogora uwanjani mpaka watu wakaenda nyumbani, jezi namba kumi akiwa ameishika mkononi na kukataa kumpa mtu mwingine, na miaka hii yote alidhani kijana yule alipata ajali njiani akiitikia mwito wake, na kwamba yeye ndiye aliyemuua. Sasa anataka kuja mwenyewe amsalimie.

Nilipomwambia mume wangu ni nani anakuja aliweka jembe chini na kusema, "Kijana ni mzuri, lakini mimi siwezi kukaa na mtu aliyenimaliza." Alisema hivyo bila kunitazama. Na kwetu, kama baba amekataa kuwapokea, wageni hao hawanywi hata uji, wanageuka na habari imekwisha. Kwa Salesio wamelipokea jambo hilo kama kombe. Mwalimu Muthamia amemwambia, "Ukiwafungulia mlango sisi hatutakuja. Walichukua mguu, sasa wanataka na msichana?"

Jumapili baada ya kanisa Mukiri alinifuata jikoni akaniuliza, "Mama, ni nani anadanganya, baba yangu au baba ya Muturi?" Nilijifanya moto umekataa, nikapuliza mpaka machozi yakatoka, na alipoona sijibu akaondoka.

Nikisema, nimemvua mume wangu nguo mbele ya kijiji kizima. Nikinyamaza, nimemnyima mtoto wangu mume, na mzee wa watu anaendelea kutukanwa kwa jambo ambalo hakufanya. Nifanye nini?

Mimi, Mama Mukiri, Githongo

*

Mama Mukiri,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimhurumia mumeo, mara ya pili nikakukasirikia wewe, kwa hivyo keti vizuri.

Acha nijitaje mapema: mimi ni mzaliwa wa Embu, na tayari nasikia meza fulani ya chai ikisema, "Huyo naye analinda mtu wao." Majina ya barua hii nimeyabadilisha yote pamoja na soko lenyewe, hivyo wewe uliye Githongo na una hoteli, usinipigie simu.

Mumeo hakuogopa mpira. Aliogopa yale madebe. Hebu fikiria kijana ambaye ndevu hazijajaa kidevuni, amepewa viatu vilivyotoka mikononi mwa wajane na watoto wa shule, na kila hatua anayopiga anakanyaga kahawa ya jirani. Watu wenu walimpenda, sikatai, na upendo wao ulikuwa wa kweli. Lakini hakuna aliyemwambia, "Nenda, na ukishindwa rudi tule chakula." Neno hilo dogo lilikosekana Githongo nzima, na wewe uliyemkuta nyuma ya vibanda ungeweza kulisema na kumpandisha gari lililofuata. Hukuandika kwamba ulifurahi kidogo aliporudi nawe jioni ile, mama, lakini nimekusoma. Sikulaumu kwa hilo. Nakulaumu kwa miaka iliyofuata.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, lakini wahenga hawakuwahi kunywa chai kwa Salesio. Uongo huu mumeo hakuutunga. Alipewa ukiwa tayari, umepikwa na kupakuliwa, naye akala kwa sababu alikuwa amechoka na watu wengi walikuwa wanamtazama. Sasa hao hao wanamtaka aendelee kuula kila Jumamosi, maana bila huo hawana cha kubishania. Wanampenda Kiogora aliyeonewa. Huyu Kiogora anayepalilia, aliyesomesha watoto watatu, hawamjui hata kidogo. Ajabu ni kwamba mtu pekee aliyeuliza kama yuko hai ni yule mzee wanayemtukana.

Unasema ukisema utamvua nguo. Mama, mficha uchi hazai. Na kwa kweli umekuwa ukimfunika mtu ambaye chini ya blanketi anakosa hewa. Mtu anayeokota mpira wa watoto kwa mkono hajapumzika hata siku moja. Hakuna wa kumrudishia siku ile, na hilo inabidi mlilie nyote wawili, kwa sababu ni hasara ya kweli. Labda angefika Nairobi akawa jina kubwa. Labda angerudi baada ya wiki mbili na goti bovu. Hajui, wala hatajua, na nadhani kutojua huko kunamuuma kuliko kunyimwa kokote.

Lakini Mukiri hadaiwi mguu na mtu yeyote. Aliuliza swali la haki na ukampulizia moshi. Hapo ulikosea, na kosa hilo ni la juzi, bado linarekebika.

Usiende kwa Salesio. Usiite mchungaji, usiite wazee, usingoje siku ya wageni ndipo uanze kutoa machozi mbele ya sufuria. Kesho mkiwa kwenye kahawa, nyinyi wawili peke yenu, chuma mti mmoja naye, yeye upande huu na wewe upande ule, ili asilazimike kukutazama. Mwambie maneno haya bila kuongeza chumvi: "Baba Mukiri, Nthiga alikungoja mpaka uwanja ukabaki mtupu. Jezi alikuwa ameishika. Alidhani umekufa, na amejilaumu mpaka leo." Kisha funga mdomo. Najua umezoea kunyamaza, lakini kunyamaza huku ni kwa aina nyingine. Endelea kuchuma. Akiondoka, mwache aondoke, atarudi. Akikasirika, usijibu. Mume wako anaweza kuvumilia aibu, maana ameibeba tangu ujana wake. Sina hakika kama ataweza kuvumilia kujua kwamba mtu mwingine amekuwa akiibeba pamoja naye bila kosa.

Akishatulia, mwambie ni lazima amwone Nthiga kabla wageni hawajafika, na aende yeye Embu, asisubiri mzee amfuate. Wanaume wawili wakae mahali, waseme watakayosema, na wewe usiulize walisema nini. Baada ya hapo atamwambia Mukiri kwa mdomo wake mwenyewe. Mpe mpaka Jumapili. Jumapili ikipita bila neno, utamwambia Mukiri wewe, yote, na utamwita kaka yako aje akae kwenye kiti cha kupokea wageni, maana mjomba ana haki ya kumsimamia mtoto baba yake akishindwa. Mwambie Kiogora mapema kwamba utafanya hivyo. Si tisho, ni heshima, ili asije akasema alizungukwa.

Na meza ya chai? Hiyo iache. Siku mzee wa Embu atakapoketi uani kwenu akicheka na mumeo, Githongo nzima itaona, na mwalimu mstaafu atatafuta la kueleza darasa lake. Akiuliza, Kiogora atamjibu akitaka, na asipotaka atamkaribisha uji. Lakini nadhani atataka. Mtu akishapata kulitua jambo kama hili mara moja, mara ya pili si nzito sana.

Magari ya Embu bado yanatoka Meru mjini, karibu na soko lile lile. Msindikize mpaka steji. Ukiona miguu inasita, mwambie lile neno ambalo hakuna aliyemwambia: nenda, na mambo yakikataa, rudi tule chakula. Na safari hii, Makandi, usirudi nyumbani mpaka umwone amepanda.