Geti la Kiwanda Nililifungua Mimi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa, shahidi ni mtoto
Umri: miaka kumi na sita
Kazi: mwanafunzi wa sekondari
Makazi: mtaa wa nyuma ya kiwanda cha kadibodi, nyumba ya pili kutoka ukuta wa boila
Aliyefuatana naye: bibi yake mzaa mama
Tarehe: Jumamosi, tarehe 15 mwezi huu

Nimeomba kuandika kwa mkono wangu na koplo amekubali. Nina akili timamu na sikutumwa na mtu. Bibi yupo hapa, ila ameahidi kunyamaza.

Mnamo Ijumaa, tarehe 14 mwezi huu, saa tatu asubuhi, niliingia kwenye bwalo la kiwanda pamoja na wanafunzi wenzangu watatu. Tulialikwa kama wadau. Kila mwaka kiwanda hutoa ripoti ya uendelevu, yaani ripoti ya kueleza jinsi kinavyotunza hewa, maji na watu kinaoishi nao. Safari hii mkaguzi kutoka nje, mama mmoja mpole, alikuja kushuhudia wadau wakisikilizwa. Afisa mahusiano wa kiwanda, ambaye mtaani tunamwita Meno Nje kwa kuwa hucheka hata anapokunyima, alikuwa ametupanga kwa meza: wafanyakazi, wateja, wanafunzi na majirani.

Meza ya majirani ilikuwa imejaa. Mimi nimezaliwa mtaa ule, na pale mezani sikumjua hata mmoja. Mwanamume wa makamo mwenye shati jeupe alisimama akasema, "Sisi majirani hatuna malalamiko. Moshi tumeuzoea, ni ndugu yetu." Makofi yakapigwa. Mkaguzi akaandika.

Kupitia dirishani niliwaona majirani wenyewe. Walikuwa nje ya geti, na mbele yao alikuwa mama mdogo, ndiye aliyenilea. Yeye ni dobi. Mlinzi alikuwa akiwaambia meza yao imeshajaa.

Nilinyoosha mkono. Meno Nje akasema, "Mwanangu, zamu yenu ni baada ya chai."

Nikasema, "Shikamoo, mama mkaguzi. Nina swali moja tu kwa jirani yangu."

"Marahaba. Uliza."

Nikamgeukia yule mwenye shati jeupe, nikamwamkia, kisha nikasema, "Baba, kwako mnaanika nguo siku gani?"

"Siku yoyote, mwanangu. Jua likiwaka tu."

Meza yetu iliangua kicheko. Afande, hapa lazima nieleze. Mtaani kwetu hakuna anayeanika Jumanne wala Ijumaa. Siku hizo bomba la moshi la boila husafishwa na masizi hutushukia kama mvua. Bibi harusi akiletwa kwetu, mama mkwe humwambia hilo kabla hajamwonyesha jiko. Nepi za watoto hukaushwa ndani. Jirani gani atoke na shati jeupe siku ya Ijumaa?

Mkaguzi akamuuliza, "Baba, unaishi wapi hasa?" Yule mwenye shati jeupe akamtazama Meno Nje, kisha akainamisha kichwa. "Mimi ni wa stoo, mama. Tuliambiwa tuvue sare tu." Nilimwonea huruma. Naye ana watoto wanaomtegemea.

Meno Nje alicheka peke yake. Akasema, "Kupanga makundi ya wadau ni taaluma, si kazi ya wasichana wa shule. Kaa chini."

Sikukaa. Mwalimu wetu wa uraia ametufundisha kwamba mdau ni yule ambaye jambo linamgusa. Nikasema, "Masizi yanatugusa sisi. Majirani wako nje. Niwaite?"

"Hakuna anayeingia!"

Nikatoka. Mlinzi alikuwa ameingia kibandani kujibu simu ya upepo. Nikavuta komeo kwa mikono miwili, nikaliburuta geti. Sikuvunja kitu. Mama mdogo aliingia akitembea, mkononi ana shuka la mteja lenye madoa ya masizi, akamwamkia mkaguzi, akalikunjua mezani. Hakumgusa mtu. Alikuwa ameanza kusema, "Mama, kazi yangu ni kufua," polisi walipofika.

Meno Nje aliwaambia dobi amevunja geti na kuongoza wavamizi. Walipouliza nani amefungua, mama mdogo aliniwahi. Akasema, "Mimi. Nimelisukuma." Alidanganya kwa ajili yangu, na alidanganya vibaya, maana geti lile halisukumwi. Usiku wa jana amelala mahabusu kwa kosa lisilo lake.

Koplo amenionya sasa hivi: "Binti, ukiandika hivyo jalada litakugeukia wewe."

Nimemjibu, "Linigeukie, afande."

Bibi ameshindwa kunyamaza. Amesema, "Koplo, usijisumbue. Huyu alibishana hata na mkunga. Wewe nirudishie mwanangu."

Hayo niliyoyaona na niliyoyatenda nimeyaandika, wala sifuti hata neno. Geti nililifungua mimi. Wakiita tena mkutano wa majirani pasipo majirani, nitalifungua tena.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)
Dole gumba la bibi: (limewekwa)

Maelezo ya mpokeaji: Nimemsomea shahidi mbele ya bibi yake, saa nane mchana. Nilimshauri aondoe sentensi ya mwisho, amekataa. Nimekwenda kiwandani kuliona geti. Ni la kuburuta, komeo liko ndani, halina alama ya kuvunjwa. Dobi ametolewa mahabusu saa kumi alasiri na kukabidhiwa shuka lake. Shahidi nimempa wito wa kufika kituoni Jumatatu asubuhi kuhojiwa. Ameomba iwe baada ya vipindi, kwa kuwa ana mtihani wa uraia. Nimekubali.

Koplo wa zamu