Kwa Bibi Ercilia, Mwanafunzi wa Nolvia

Umetimia mwaka, Bibi, tangu tulipokuvika gauni lako la zambarau na kukusindikiza makaburini huku mji mzima wa La Lima ukinyeshewa. Lakini tukikukumbuka hatuanzii siku hiyo. Tunaanzia mchana ule mgeni alipobisha hodi.

Tulikuwa nyuma ya nyumba tunafunga tamali, vile vinyunga vya mahindi vya kuchemsha, kwenye majani ya migomba, kwa sababu jioni ulikuwa uongoze sala za mwisho za novena, zile siku tisa za kumwombea marehemu Bwana Toribio. Wewe ulikaa kwenye kiti chako cha plastiki ukikata kamba. Mlangoni akatokea msichana ambaye hakuna kati yetu aliyemfahamu. Alivaa sare ya sekondari, shati jeupe na sketi ya buluu, na kiwiko chake kimoja kilikuwa na unga wa ngano.

"Samahanini," alisema. "Kuna mtu hapa asiyejua kusoma?"

Elmer, mjukuu wako asiyeacha jambo lipite bila mzaha, akamjibu, "Dada, umekosea nyumba. Hapa ndipo anapokaa msalishaji wa mtaa mzima. Hata wafu wanajua kuwa Bibi anasoma! Jaribu kwa jirani, yule hata saa inamshinda."

Tukacheka. Wewe hukucheka. Ulimuuliza tu kama amekula, maana hilo ndilo swali ulilomuuliza kila mtu kabla ya kumuuliza jina.

Alipokuwa akinywa kahawa alijieleza. Aliitwa Nolvia. Alikuwa mwaka wa mwisho, na shule yao iliwataka wanafunzi wa mwaka huo kila mmoja amfundishe mtu mzima kusoma. Asiyepata mtu hahitimu. Wenzake walikwisha kujipatia bibi zao na babu zao. Yeye alikuwa mgeni mtaani, amehamia kwa shangazi yake baada ya gharika, na kila mlango aliobisha aliambiwa hayupo mtu wa namna hiyo, hata pale alipokuwepo. Watu wana haya.

Alishukuru, akaaga. Ukainuka kumsindikiza hadi getini, jambo ambalo miguu yako haikuwa ikilifanya kwa watu wengi. Maneno uliyomwambia huko tuliyajua baadaye sana, kutoka kwake.

"Njoo kesho. Pitia mlango wa nyuma."

Kesho yake alikuta umemwekea kiti kando ya karo la kufulia. Alidhani utampeleka mahali. "Yuko wapi huyo mtu, bibi?"

"Umekaa naye," ukamwambia.

Hakuna aliyejua, Bibi. Wala mwanao Reina, wala sisi wajukuu, wala majirani uliowasalia wazazi wao. Kwenye kila msiba ulifungua kijitabu chako cha sala, ukavaa miwani, ukageuza kurasa pale pale zilipotakiwa kugeuzwa, na kumbe sala zote zilikuwa zimekaa kichwani tangu mama yako alipokuimbia ungali mtoto. Barua za mjomba Wilson, mwanao aliye mbali, zilipofika ulimwambia Reina, "Nisomee wewe. Sauti yako inafanana na ya kaka yako." Tulidhani ni mapenzi tu. Mapenzi yalikuwemo pia, tunajua.

Ulikwenda kwenye matanga na kikombe chako mwenyewe mfukoni, kwa sababu, ulisema, kwenye matanga vikombe havitoshi na si vizuri mfiwa ahangaike kuosha. Ulibeba majani ya mlimau kwenye leso ukawanusisha waliolegea kwa kilio. Kahawa yako uliichuja kwa kitambaa kile kile kila siku, na ulimkataza mtu yeyote kukifua kwa sabuni. Mikono yako ilinuka moshi na mlimau.

Sisi tulidhani Nolvia huja kukusaidia kufua. Alikuja akitoka shule, na shule aliiendea akitoka kuuza baleada. Kila siku kabla hakujapambazuka alikanda unga, akachoma chapati, akazikunja na maharage, akazipeleka kwenye lango la kiwanda cha nguo. Mama yake alikuwa Hispania akimtunza kikongwe wa watu. Shangazi yake alifanya kazi ya kulala huko huko na kurudi Jumapili. Hivyo wadogo zake wawili, Olvin na Keyli, walikuwa mikononi mwake: nguo zao, homa zao na ugomvi wao.

Mara nyingi alisinzia katikati ya somo. Ulimwacha alale, kichwa juu ya karo, ukaendelea kuchora herufi kwa kidole kwenye povu la sabuni. Kisha ulimgusa bega. "Amka, mwalimu. Mwanafunzi wako anachoka kusubiri."

Ulipochoshwa na sentensi za kitabu cha watoto ulimwambia, "Kuku na mayai yake nimewachoka. Niandikie jambo la kweli." Nolvia akakuandikia kuhusu gharika. Shuleni hakuwa amemweleza mtu habari hiyo. Kwako aliiandika kwa maneno mafupi, ili uweze kuyasoma.

Halafu kuna siku aliyokuja mikono mitupu.

"Leo nimekuja kuaga, bibi. Kiwandani wanaandika watu kazi. Olvin anakohoa, Keyli viatu vimemwisha, na mimi darasani nalala mpaka wananiita Popo."

"Popo analala mchana kwa sababu usiku amefanya kazi," ukamjibu. "Waambie hivyo."

"Nimechoka."

"Najua. Na mimi je? Unaniacha katikati ya njia kama basi bovu? 'Mama' nimeshajua kusoma, 'maji' nimeshajua, lakini 'gharika' bado inanishinda."

Nolvia akacheka huku machozi yanamtoka. Ukamshika mikono yenye unga. "Wewe nifikishe, na mimi nitakufikisha. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, bibi."

Tangu siku ile Olvin na Keyli walikula kwetu. Elmer alinung'unika kwamba Bibi ameanza kupika kwa ajili ya jeshi. Ulimwambia ale haraka, basi, kabla jeshi halijafika.

Mwezi wa Novemba Nolvia alikuja na habari iliyomnyima raha. Alikuwa akitumaini mwalimu atakuja nyumbani kukusikiliza kimya kimya. La. Waliofundishwa wangesoma ukumbini, mbele ya walimu, wazazi na yeyote atakayependa kuja. Alijua maana yake kwako. Mtaa ungejua kwamba msalishaji wao, aliyefungua kitabu mbele ya majeneza yao miaka yote hiyo, hakuwa akisoma.

"Nitamwambia mwalimu sikupata mtu," alisema. "Nitarudia mwaka. Sitakulazimisha, bibi."

Anasema uliendelea kukamua shati moja ambalo lilikuwa limeshakauka maji zamani. Mwishowe ukalianika.

"Nilisema nitakufikisha," ukamwambia. "Sikusema nitakufikisha nikiwa nimejificha. Ila niruhusu nisome ile uliyoniandikia wewe."

Na Nolvia naye alikuwa na mambo aliyoyaficha. "Soma, bibi," akasema.

Siku yenyewe ulivaa gauni la zambarau, ukatuambia tukupeleke shuleni. Hatukuuliza. Palipokuwa na mkusanyiko, Bibi Ercilia alifungua kwa sala, ndivyo tulivyozoea. Ukumbi nao ulidhani hivyo hivyo. Mwalimu Osorto alipotaja jina lako ukapanda jukwaani, jirani yetu Bi Chepa akapaza sauti kutoka nyuma, "Simameni, jamani, msalishaji huyo!" Watu wote wakainuka, wanaume wakavua kofia, wakafanya ishara ya msalaba na kuinamisha vichwa.

Ulikunjua karatasi ya Nolvia.

"Kaeni," ukasema. "Leo sikuja kuwasalisha. Nimekuja kusoma. Huyu mtoto Nolvia ndiye aliyenifundisha, mwaka huu."

Viti vikalia. Ukaweka kidole chini ya mstari, ukasoma polepole, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe:

"Maji yalipanda. Tukapanda juu ya paa. Mama alimshika Olvin. Mimi nilimshika Keyli. Gharika ilichukua nyumba. Haikutuchukua sisi. Maji yalishuka. Tukashuka. Tupo."

Kwenye neno "gharika" ulikwama. Nolvia, aliyesimama kando ya jukwaa, hakukunong'oneza. Anasema hajawahi kutamani kitu kama alivyotamani kukusaidia wakati ule. Alijizuia, na ukalipita mwenyewe.

Wale waliomwita Popo walikuwa safu ya mbele. Mmoja wao ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Bi Chepa hakupiga. "Ina maana siku zote zile, Ercilia, kwenye matanga ya mama yangu...?"

"Siku zote zile nilisali kwa moyo, Chepa. Mama yako hakulalamika."

Ukumbi ukacheka, na Nolvia akahitimu. Mama yake aliona yote kwenye simu aliyoinua Elmer, ambaye alijisahau kwa kushangilia hata picha ikawa ya dari tupu kwa kitambo kirefu.

Lakini haikupita bure, na wewe hungetaka tudanganye. Baadhi ya nyumba zikaanza kumwita msalishaji wa mtaa mwingine, yule mwenye kipaza sauti. Jioni nyingi ulikaa kwenye kiti chako, kikombe kiko tayari mfukoni, ukisikia novena inaimbwa mtaa wa pili. Iliuma. Tulikuona. Nolvia alipokuomba msamaha ulimkatiza: "Acha. Sasa nina nafasi ya kusoma." Ukatusomea pakiti ya sukari. Ukatusomea maandishi ya mabasi yanapopita na ya chupa za dawa. Barua ya mwisho uliyoipata kwa mjomba Wilson uliisoma wewe, kwa sauti yako, na Reina akatoka nje kulia.

Ulipolala bila kuinuka tena ulimwita Nolvia kitandani. "Mwaka wangu ukitimia uje unisalie. Usisali kwa kichwa. Usome, kidole chini ya mstari, polepole kama nilivyosoma mimi. Hata wakichoka." Akakuahidi.

Jana mwaka ulitimia. Nolvia sasa anasomea ualimu mjini San Pedro Sula, akitoka kazini ndipo anaingia darasani. Saa sita mchana alishuka kwenye basi na wadogo zake, Olvin akiwa amemshika miguu kuku wa kumpa Reina, kichwa chini.

"Mwanangu," Reina alimuuliza, "si leo una mtihani?"

"Mtihani una marudio, mama. Mwaka wa Bibi hauna."

Marudio hayo ni mwakani, tulilijua hilo sote, na somo zima itabidi alianze upya, na wenzake watamtangulia. Hakulizungumzia tena. Alivaa kitambaa cheusi, akafungua kijitabu chako, akaweka kidole.

Alisoma rozari nzima neno kwa neno. Kahawa ilipoa. Watoto walilala mapajani mwa watu. Waliokuwa wameacha kukuita walisimama nje ya uzio, kisha mmoja mmoja wakaingia, na vikombe havikutosha.

"Siku zote huyu husoma haraka kuliko redio," Elmer alinong'ona. "Ana nini leo?"

"Nyamaza wewe," Bi Chepa akamkemea, na mashavu yake yalikuwa yamelowa. "Leo anasoma kama Ercilia."

Unakumbukwa na mwanao Reina, na mwanao Wilson aliye mbali, wajukuu zako Elmer, Suyapa na Nahún, jirani yako Chepa, Olvin na Keyli uliowalisha, na Nolvia, mwalimu wako.

Hatuna haraka, Bibi. Tutakukumbuka maisha yetu yote, polepole, kidole chini ya mstari.