Mayungiyungi Buchani

Jumapili, 29 Machi

Matawi leo. Joto! Hata kasisi amefupisha mahubiri — muujiza wa kwanza wa juma hili.

Uani kwetu kila kitu kimechanua kwa fujo. Boganvilia imelala juu ya ukuta kama mlevi. Asumini inanukia mpaka jikoni. Nimekaa kwenye ngazi nikiwaza: vitabu nilivyosoma shuleni, Pasaka yake ni theluji inayeyuka, kilichokufa kinachipua. Hapa kwetu hakuna kinachokufa kwa baridi. Sasa sisi tunafufuka kutoka wapi? Mama akaniambia nifufuke kutoka kwenye ngazi, vyombo vinanisubiri.

Lakini shida ni mayungiyungi yake. Tumba zimeshavimba, ncha nyeupe. Mwaka jana yaliwahi vivyo hivyo: yalichanua yote kabla ya wakati, Pasaka ikayakuta matambara. Ndipo mwenyekiti wa kamati ya mapambo akaleta boksi lake. Maua ya plastiki, madhabahuni, siku ya Ufufuko! Tangu hapo kwaya nzima inamwita Mama Plastiki. Mama yangu aliimba ibada ile yote akitazama sakafu.

Leo Mama Plastiki kamwambia mbele za watu: dada yangu, na mwaka huu yakinyauka tutaweka yangu moja kwa moja, kila Pasaka. Hayanywi maji, hayafi, hayamsumbui mtu.

Njiani ndipo Mama akasema: mwaka huu yashike wewe, mkono wangu una nuksi.

Mimi! Ambaye hata mchicha hunifia.

Jumatatu, 30 Machi

Nimepata! Baridi! Yungiyungi likikatwa bado tumba, likawekwa penye baridi, hulala. Friji yetu haitoshi hata maziwa. Nani mtaani ana baridi ya ziada? Mwenye bucha! Nusu ya wateja wake wamefunga nyama Kwaresima hii. Chumba chake cha baridi unaweza kuchezea mpira.

Alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Profesa, mimi nauza mbuzi, sipambi maharusi." Kisha akanisogezea ndoano pembeni. Sharti moja: Jumamosi asubuhi niyatoe, nyama ya sikukuu inaingia.

Mama alikata mwenyewe, bua kwa bua. Akanikumbusha nisije nikasahau ule unga wa njano ulio ndani ya ua likishafunguka. Ukigusa nguo umekwisha. Yeye huuita mchongezi — kila aliyenusa, humtaja.

Sasa ndoo nne zimesimama katikati ya mapaja ya ng'ombe, tumba zimenyooka kama wanakwaya. Nimelitengenezea ua majira ya baridi! Nilirudi nyumbani nikirukaruka kama mtoto. Mtu mzima mimi, na shahada yangu.

Jumatano, 1 Aprili

Mwenye bucha kapiga simu: Profesa, njoo, kijana wangu kapitiwa, kamuuzia mteja kilo mbili za maua yako.

Nilikimbia na ndala, kijiko cha chai bado mkononi. Nikamkuta yeye na foleni yake yote wanasubiri kuniona uso. Siku ya wajinga! Bibi mmoja alicheka mpaka akashika kaunta. Na mimi nikacheka, machozi yakanitoka — nusu ya kicheko, nusu ya hofu iliyokuwa inatoka.

Tumba zimefumba. Zimelala fofofo.

Ijumaa, 3 Aprili

Madhabahu tupu. Hata jani. Naipenda siku hii kuliko ninavyothubutu kumwambia mtu.

Mama kaniuliza: yanaendeleaje? Yamelala, Mama. Akasema mgonjwa naye akilala sana watu huanza kumtikisa.

Sikucheka.

Jumamosi, 4 Aprili

Nimeyaua.

Nimeyatoa asubuhi. Magumu kama penseli. Adhuhuri bado penseli. Nikayabadilishia maji, nikayabembeleza, nikayatukana. Hakuna hata moja lililofunguka. Akili zangu hizi! Joto lilitaka kuyachanusha bure, mimi nikayapeleka machinjoni.

Saa kumi Mama Plastiki huyo, anapita "tu", boksi kwapani. Akachungulia ndoo. "Ah. Mmeamua kuleta mboga?"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini Mama aliinua kichwa — kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana alimtazama machoni. Akamwambia: "Leo ni Jumamosi, dada. Jumamosi hata kaburi lilikuwa limefungwa."

Mama Plastiki akahamishia boksi kwapa la pili, akashika njia.

Alipoondoka tu, Mama kashika simu, kampigia kaka yake. Mjomba ana bekari, na leo matanuri hayazimwi, mikate ya sikukuu. Tukabeba ndoo, Mama mbele, mimi nyuma, maji yananimwagikia magotini.

"Dada, umeleta maua au msiba?" Mjomba aliuliza. Kisha akatuonyesha pale karibu na tanuri anapoumulia unga: joto la taratibu, mvuke kidogo. "Hapa hata kilicho kinyonge huvimba. Nitazame mimi." Akapiga tumbo lake.

Kabla hatujaondoka nimeona ufa kwenye tumba moja. Mwembamba kama ukucha wa mtoto. Au nimeutaka mno?

Jumapili, 5 Aprili

Naandika katika chumba cha mavazi, nimekalia ndoo. Ibada inaendelea. Lazima niandike sasa hivi.

Alfajiri yalikuwa mawili tu yaliyofunguka. Mawili! Mengine yamekaza midomo. Mama akayapanga yote madhabahuni hivyo hivyo, na majani. Mama Plastiki akakaa benchi la mbele, boksi miguuni, akanionya: wimbo wa pili ukiisha, tunabadilisha.

Kanisa limejaa mpaka madirishani. Joto la watu! Vitambaa vinapepea. Na katikati ya wimbo wa kwanza, kupitia upenyo wa mlango huu, nikaliona moja likijikunjua — polepole, kama mtu aliyeitwa jina lake akiwa usingizini. Halafu la pili yake. Halafu sikuweza kuhesabu, macho yalijaa. Na harufu! Yungiyungi na mkate wa moto. Watoto wanageukageuka kutafuta mkate. Mama anaimba kichwa juu, sauti imempaa kuliko kinanda.

Watu wamepita mbele kutoa sadaka. Wimbo wa pili umekwisha.

Mlango — ni yeye.

Mikono mitupu. Boksi hana. Amesimama dirishani, amenipa mgongo, anarekebisha kilemba ambacho hakijalegea. Naendelea kuandika ili nisimtazame.

Kageuka. Anauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza njia: hivi mama yako huwa anagawa mbegu zake?

Na kwenye ncha ya pua yake, Mungu wangu — unga wa njano! Mchongezi! Kanisa zima limeona, yeye peke yake hajui. Nikimwambia atakufa kwa aibu. Nisipomwambia atarudi hivyo hivyo kukaa benchi la mbele.

Anasubiri jibu. Mimi nimeuma kalamu, na mlangoni Mama huyo anaingia na kitambaa, anampangusa pua taratibu, anamwambia: nagawa, dada, njoo kesho.