Mizani ya Mpunga

Kaka Remigius,

Shikamoo. Mvua imekata na mpunga unaingia mashineni kwetu mpaka tunakosa pa kukanyaga. Mguu wa Mama bado umevimba. Ameshafunga kibegi, anawatambia majirani wa Kibaoni kwamba Jumamosi mwanawe anamfuata na ndege yake.

Picha ya ndege uliyonunua nimeiona. Kweli ni pana, mwili wako umeenea, na bei ni nafuu kuliko ile nyingine. Ila ulisema haibebi uzito mkubwa. Uliichagua kwa sababu Pasaka ulipanda na Mama kwenye mizani yetu, ukafurahi kwamba umepungua.

Hukupungua, Kaka. Mume wangu Kelestini ameichezea mizani ile ili iwapunje wakulima. Hapa wote wanajua, ila wewe unakaa Dar.

Nilipotaka kukupigia, alisema nitamharibia biashara, akaninyang'anya simu, na namba yako imo humohumo. Barua hii nampa kondakta wa basi.

Jipime upya hukohuko kabla hujaruka. Mama nimemweleza yote, nikamsihi asipande. Amenijibu, "Agnella, unamwonea kaka yako wivu."

Mdogo wako,
Agnella