Karatasi Niliyoiwekea Sahihi

Migosi, Kisumu
11 Machi 2025

Mpendwa Anti Seline,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Goti lako linaendeleaje na hiyo baridi ya Naivasha? Aloo ameota meno mawili, anauma kila kitu. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Anti, Baba Aloo yuko rumande, wiki ya pili sasa. Wanasema ni bangi.

Polisi watatu waliingia asubuhi nikinyonyesha. Hawakuwa na kibali cha korti, na hawakuita hata jirani mmoja ashuhudie. Walimwaga mpaka samaki wangu wa omena wa kuuza. Mkubwa wao alikuwa mpole. Aliponiona nimemkumbatia mtoto akanipa karatasi, akasema, "Mama, weka sahihi hapa, kwamba hatujavunja kitu." Na kweli hawakuwa wamevunja kitu. Karatasi ilikuwa na mistari mitupu. Nikaweka sahihi, tena nikamwambia asante.

Kortini ilisomwa karatasi ileile. Sasa mistari imejaa: misokoto ishirini, chini ya kitanda, mke ameshuhudia. Baba Aloo aligeuka akaniangalia. Heri angenitukana.

Hakimu amekubali atoke kwa dhamana, lakini mdhamini awe na hati ya shamba yenye jina lake. Shamba la Sondu bado liko kwa jina la babu yenu. Karani aliniuliza kama marehemu atakuja kortini mwenyewe. Watu wakacheka. Kila mazishi wazee husema tutaenda ofisi ya ardhi, kisha tunakula, tunatawanyika.

Hati ya ploti yako ndiyo pekee katika ukoo yenye jina la mtu aliye hai. Wewe ndiwe uliyemlea Baba Aloo. Nakuomba uje tarehe 24 mwezi huu, siku ya kesi, na hati na kitambulisho.

Maryanne wa msaada wa kisheria anataka niseme kortini kwamba karatasi ilikuwa tupu. Shemeji Absalom anasema ninyamaze, watanifunga na mimi. Nitasema. Naamini hakimu atanisikia. Siwezi kunyamaza, maana Aloo akisikia mlango bado anageuka kumtafuta baba yake.

Nisalimie mwanao Dishon na mkewe. Mungu akufikishe salama kwetu.

Barua hii nimeisoma mara tatu kabla ya kuweka jina langu hapa chini.

Wako akupendaye,
Dolphine, Mama Aloo